Dakika Nne za Miaka Iliyopita

Jumatatu, 4 Mei

Mkuu wa vipindi kanipa kazi. Miaka yote ishirini na sita tuliyoshiriki mashindano ya nyimbo ya mataifa, niibane iwe dakika nne! Picha na muziki tu, bila mtangazaji. Anataka tamu tamu, watu wakumbuke, wasifikiri. Akacheka peke yake.

Jumamosi mdogo wangu anatuimbia huko ugenini. Nilidhani ndiyo maana kanichagua mimi. Nikafurahi, mjinga.

Kanda zinanuka unyevu. Mwaka wa kwanza waimbaji wamesimama kama wanapigwa picha za pasipoti. Mwaka wa pili tukapata alama mbili – mtangazaji akasema tumetia fora.

Jumanne, 5 Mei

Mwaka wa tatu haupo kwenye rafu. Nimeukuta sakafuni, nyuma ya kabati. Una mstari mwekundu. Kwetu kazini maana yake usirushwe hewani.

Nimeutazama. Msichana, gauni jeupe. Ubeti wa tatu anafumba macho, anabadilisha maneno – anaanza kutaja watu waliofukiwa mgodini – picha inakatika. Yanaingia maua. Dakika mbili nzima za maua na kinanda.

Nikarudisha nyuma. Kidoti kidevuni. Ni Mama Chai! Huyu huyu anayetuletea birika kila saa nne.

Jumatano, 6 Mei

Nilimfuata jikoni, nikafunga mlango. Hakukana. Hakuacha hata kusuuza vikombe.

"Hawakunifanya kitu, mwanangu. Waliniacha tu nisiwe mtu." Kisha: "Mdogo wako naye ana ubeti wake?"

Anao. Ubeti wa kaka yetu, aliyechukuliwa kazini kwake Agosti iliyopita na wanaume wawili wenye adabu sana. Kamati ya mashindano iliufuta, ikaweka mwingine wa ndege na amani. Mdogo wangu akakubali upesi mno. Namjua. Akikubali upesi, ameshaamua lake.

"Basi," Mama Chai akasema, "hizo dakika nne zako ndizo maua."

Alhamisi, 7 Mei

Nimempigia mdogo wangu. Nikamsihi aimbe kilichoandikwa. Eti mama bado anamwekea kaka sahani mezani, halafu yeye akaimbe ndege? Nikamwambia kuna watu wanasikiliza.

"Si ndiyo kazi ya wimbo, dada?"

Alipokata, simu ilibaki na pumzi ya mtu.

Jumamosi, 9 Mei

Saa kumi alasiri. Chumba cha kurushia matangazo. Naandika nyuma ya ratiba.

Picha ikitufikia kutoka huko tunaishikilia sekunde ishirini, ndipo iende kwa watu. Kanda yangu iko tayari. Kitufe kimoja tu, inamfunika. Mkuu kanikalisha mimi mbele yake. Kwamba naijua sauti ya mdogo wangu kuliko wao, akiteleza, nimsitiri. Damu nzito kuliko maji, akasema, akanipapasa bega.

Mama kaandika: sebule imejaa majirani, wengine wamekaa sakafuni. Anauliza mbona sijibu.

Wa kumi na mbili anaimba. Yeye ni wa kumi na nne.

Nimewaza kuondoka. Lakini nikiondoka, kiti kitakaliwa na fundi, naye ana watoto wanne na kidole chepesi.

Wa kumi na tatu kamaliza. Makofi. Mkuu anatafuna bigijii nyuma ya sikio langu. "Weka kalamu chini, mwanangu." Nimemwambia ni dakika za ratiba, lazima ziandikwe.

Anapanda jukwaani – peku! Viatu alivyonunuliwa na kamati kaviacha nyuma ya pazia. Sijawahi kumwona ametulia hivi.

Ubeti wa kwanza, kama ulivyoandikwa. Fundi kashusha pumzi.

Wa pili, neno kwa neno.

Sasa amefumba macho. Mkono wa kulia nimeukalia. Mwandiko huu mbovu ni wa kushoto. Nyuma yangu kutafuna kumekoma.