Jina Lako Kwenye Ripoti

Kwa dada yangu mkubwa,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Ndivyo ulivyonifundisha kuandika barua, enzi zile ulipokuwa ukinichorea herufi kiganjani kwa kidole chako. U hali gani? Yale mafua yamekwisha? Na magoti ya mama, bado yanamtabiria mvua, au siku hizi yamekuwa waongo kama watabiri wa redio? Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala, lakini raha sina. Nisipokwambia leo, sitakwambia tena.

Kabla hujaendelea, naomba uchomeke waya wa masikioni. Najua barua hii utasomewa na ile sauti ya simu na kompyuta yako, uliyoiita Shangazi kwa sababu haichoki kusema na haijui siri ni kitu gani. Najua pia kwamba wakati huu mama yuko hapo karibu anakunja nguo huku masikio kayatega. Nataka usikie wewe kwanza. Nimeandika maneno matupu, sikuweka picha wala urembo, ili Shangazi asikwame popote. Kuandika sentensi hiyo tu kumenifanya nione haya.

Ofisi yetu bado iko pale pale, ghorofa ya tatu juu ya duka la magodoro. Mkuu wetu kila asubuhi anafika akihema, kisha anatununia sisi utadhani ndio tuliojenga zile ngazi. Yule mpimaji, mwanamke ambaye kazi yake ni kutafuta makosa kwenye tovuti tunazotengeneza, na anayeyafurahia kama mtu aliyeokota pete, amerudi kutoka likizo ya uzazi. Kapata mtoto wa kike. Anakusalimu, na nitakueleza alikujuaje.

Dada, sasa vumilia nikurudishe kwenye zile siku tatu, maana najua hupendi zitajwe.

Miaka kumi na moja umepokea simu pale hospitali, ukiwatuliza watu waliopiga kuulizia wodi tu wakajikuta wanakulilia wewe. Wauguzi wenyewe ndio waliokusukuma ukasomee ushauri nasaha, wakisema kazi unaifanya tayari, kimebaki cheti. Chuo kinachukua watu mwisho miaka thelathini na mitano, nawe Desemba unatimiza thelathini na sita. Ilikuwa mwaka huu au basi. Na mwaka huu fomu za karatasi walizifuta, kila kitu kikawa kwenye tovuti.

Siku ya kwanza ulinipigia ukicheka. Ulisema umejaza majina, anwani na matokeo ya mitihani bila taabu, lakini ukifika tarehe ya kuzaliwa, Shangazi anatamka kalenda kisha ananyamaza. Ukiandika, haipokei. Ukibonyeza, haifunguki. Ukatania kwamba chuo kimekubali kila kitu chako isipokuwa kuzaliwa kwako. Nami nilicheka. Siku ya pili nikakwambia labda unabonyeza vibaya, labda Shangazi kazeeka, zima kompyuta uiwashe upya. Uliizima na kuiwasha mara nne, masikini. Siku ya tatu nikajitolea kukujazia, ukakataa. Ulisema kama geti la chuo huwezi kulifungua mwenyewe, huko ndani nani atakushika mkono kila siku? Nikajibu kwamba nina kazi nyingi, nikakata simu. Saa kumi na moja jioni maombi yakafungwa.

Mama ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Alikwambia, kwa upendo wake ule unaokwaruza, kwamba kompyuta ni za wenye macho na kwamba mkono mfupi usilazimishe tunda la juu. Wewe, ambaye sijawahi kukusikia ukikubali kushindwa hata kwenye bao, ulimjibu kwamba huenda ni kweli, huenda ni wewe tu usiyejua. Aliniambia pia umegawa vitabu vyako vyote vya nukta nundu. Tangu hapo neno chuo halijatoka kinywani mwako.

Wiki iliyopita msajili wa chuo hicho alikuja ofisini kwetu. Ni mama mmoja mpole, anaandika kila kitu kwenye daftari dogo. Alisema mwaka jana, kwa fomu za karatasi, waliomba watu saba wasioona. Mwaka huu hakumaliza fomu hata mmoja. Wakubwa wake sasa wanajiuliza kuna haja gani ya kumwajiri mtu wa kuchapa vitabu vya nukta nundu, kama wenyewe wasomaji hawaji. Akauliza, kwa adabu kabisa, kama inawezekana tovuti ina kasoro.

Mkuu wetu akacheka, akatoa jalada. Alimweleza kwamba tovuti ilijaribiwa na mtu asiyeona, mwanamke, na akalisoma jina lake lote, mpaka la baba yake. Akasoma na maneno ya huyo mwanamke, kwamba amejaza fomu nzima bila msaada na hakupata shida popote. Kisha akamalizia kwamba kama huyu bibi ameweza, hao wengine ni uvivu wao. Msajili akaandika kwenye daftari lake.

Dada, jina lile ni lako. Baba aliyetajwa ni baba yetu. Na maneno yale niliyatunga mimi.

Tovuti ile niliijenga mimi kwa mikono yangu. Mkataba ulitaka lazima ijaribiwe na mtu asiyeona kabla ya kufunguliwa, na mpimaji, ambaye ndiye hushughulika na hilo, alikuwa likizo. Zilibaki siku mbili. Nilishika simu nikupigie, nikajiambia nitakusumbua kazini bure, kwani mimi si ndugu yako? Nakujua, najua ungesema nini. Basi nikafumba macho nikajaribu mwenyewe, mkono juu ya kipanya. Bila shaka niliweza. Aliyejenga nyumba hajikwai kwenye kizingiti chake hata kukiwa giza. Nikafumbua macho, na pale palipoandikwa jina la aliyejaribu nikaandika lako. Hata sikuuona kama uongo. Niliona kama nakuazima kitu, jinsi nilivyokuwa nikivaa kandambili zako kwenda dukani bila kukuuliza.

Hilo lingekuwa kosa moja. Subiri la pili, maana ndilo linaloninyima amani.

Uliponipigia siku ile ya kwanza, nilijua kasoro iko wapi kabla hujamaliza kusema. Ile kalenda niliitengeneza ifunguke kwa kipanya tu, na wewe kipanya hukitumii. Kuirekebisha kungechukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini kwetu kila marekebisho huandikiwa sababu, na mkuu angeuliza ilikuwaje aliyejaribu asipate shida. Angetaka kuongea nawe. Kwa hiyo nikajitia hamnazo. Nilikusikia ukizima na kuwasha kompyuta isiyo na kosa, nikakuacha uamini kwamba kosa ni wewe. Nikamwacha mama aamini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe uliyenifulia nguo za shule miaka saba hukujua unamfulia chawa.

Pale kikaoni sikufungua mdomo. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ghorofa ya tatu ningeishia kwenye magodoro tu. Ona, hata sasa natafuta utani wa kujifichia. Kesho yake niliwahi ofisini, nikamngoja mkuu juu ya ngazi, nikamweleza yote mbele ya mpimaji. Mkuu hakufoka. Aliuliza tu kama wewe unajua. Nikasema hujui. Akaingia chumbani mwake akafunga mlango.

Mpimaji alikaa mezani kwake. Alizima kioo cha kompyuta yake, akaweka kipanya ndani ya droo, akaijaribu fomu kwa kusikiliza, kama wewe. Alikwama palepale ulipokwama. Ndipo aliponiambia kwamba angependa siku moja ajuane na dada yangu, ila si kwa kutambulishwa na mimi. Salamu zake nimezifikisha kama alivyoniagiza.

Nimesimamishwa kazi, na sioni pa kulalamika. Mkuu alikiandikia chuo barua ya kueleza kila kitu. Msajili akajibu siku hiyohiyo: maombi yanafunguliwa tena kwa wiki tatu kwa wote waliokwama, na umri utahesabiwa kwa tarehe ile ile ya kwanza. Maana yake wewe bado umo, dada. Kalenda imeondolewa, sasa mtu anaandika siku, mwezi na mwaka kwa vidole vyake. Mpimaji ametafuta watu watatu wasioona, wasio ndugu wa yeyote kati yetu, na wote wamejaza mpaka mwisho. Majina yao yameandikwa kwenye ripoti kwa ridhaa yao. Lako limefutwa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Wala usijaze fomu ili mimi nipate usingizi. Jaza kama bado unataka kusoma, na kama hutaki tena, ujue tu kwamba hukushindwa. Ulifungiwa mlango, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nisalimie wauguzi wako wote, na yule mlinzi wa getini anayekuita bosi. Jumamosi nitakuja. Nitabisha hodi na kusimama nje, nawe utaamua kama unafungua au hufungui.

Limebaki moja. Mama mpaka leo anadhani ni wewe usiyejua. Nilitaka kumwambia kwa simu, lakini najua ningepunguza hapa na kuongeza pale. Kwa hiyo, ukiwa tayari, nakuomba uchomoe waya wa masikioni, urudi mwanzo wa barua, uongeze sauti, umwache Shangazi amsomee mama yote.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenifundisha kuandika jina langu mwenyewe.