Udi Niliofukiza Garini

Jumamosi, baada ya Magharibi, Malindi. Joto la kaskazi halina huruma. Nimekaa kwenye varanda ya hospitali naandika kwa simu, maana nikinyamaza nitapasuka.

Mnaonisoma mwajua: mimi nalala Wiyoni, gari yangu yalala ng'ambo, Mokowe, kwa kuwa Amu, kisiwa chetu cha Lamu, si nti ya magari. Kazi yangu ni kuchukua abiria. Leo abiria alikuwa dada yangu Zuhura, aliyenilea mama alipofariki. Ana pumu, na tangu juzi ilikuwa imembana, tukaambiwa tumlete huku.

Sharti lilikuwa moja: madirisha yafungwe, vumbi lisimfikie. Tegemeo letu lilikuwa kiyoyozi.

Tulipofika mahali barabara imebomoka, tulielekezwa njia ya kando ya vumbi, nyuma ya malori. Hapo ndipo upepo wa kiyoyozi ulipokatika. Feni naisikia yavuma, nikiweka mkono hakutoki kitu. Nikasimama, nikatazama fyuzi, nzima. Nikazima, nikawasha. Nikajiambia gesi imekwisha. Ujinga wangu! Gesi ikiisha upepo huja wa moto, lakini huja.

"Nduyangu, fungua dirisha, nafa," akasema Dada.

"Mama, vumbi!" akalia Swafiya, bintiye.

Nikafungua. Likaingia lote.

Dada alifikishwa wodini akiburuta pumzi, akavishwa oksijeni. Mimi nikapeleka gari kwa fundi aliye jirani. Akafungua kisanduku cha mbele ya abiria, akachomoa filta ya hewa. Nyeusi tii, yanata mikononi.

"Mzee, hii ni filta ama mkate wa sinia uloungua? Wapika humu?"

Sikuwa nikipika. Nilikuwa nikifukiza. Kila Ijumaa, kama tufukizavyo kanzu, naweka chetezo ndani ya gari, nafunga madirisha, nawasha feni izungushe moshi wa udi mpaka viti vinukie. Abiria wakinisifu, nami nikivimba kichwa. Miezi yote hiyo moshi ukigandana na vumbi mle ndani, ukiziba njia ya upepo kidogo kidogo. Na jana nilifukiza mara mbili, kwa heshima ya Dada.

Asubuhi alipopanda alikohoa. Nikamtania, "Dada, harufu ya peponi yakushinda?" Akageuza uso.

Lakini linaloniua si hilo.

Niliporudi kutoka kwa fundi, daktari aliniuliza kama mgonjwa amevuta moshi wowote. Nikasema, "Vumbi tu, daktari." Mimi, niliyekuwa nimetoka kuswali Alasiri, udhu wangu haujakauka.

Swafiya akanibusu mkono. "Mjomba, lau si wewe tungempotezea ndiani."

Nikaitikia, "Alhamdulillahi."

Niliitikia!

Dada bado hajafumbua macho. Daktari yuko mezani pake, namwona kupitia dirisha, na Swafiya amekaa karibu naye. Siwezi kumwambia mmoja mwenzake asisikie. Huenda habari ya moshi ingebadilisha dawa, huenda isibadilishe kitu, mimi sikusomea hayo. Najua tu kwamba ameuliza, nami nimemficha.

Nayaogopa macho ya mtoto huyu kuliko ninavyomwogopa Mola wangu. Basi miaka yote hii nilikuwa nikimsujudia nani?

Nainuka sasa hivi niende pale mezani, kabla miguu haijapata udhuru.