Nyengo ya Baba

Soweto, Mbeya
Juni 12

Kwako Dada Tekla,

Kamwene, dada. Natumaini wewe na mama hamjambo, na nyanya zenu hapo Ilula zinagombewa na abiria. Mimi mzima, nanenepa, na wasichana wa Soweto wananisalimia wao kwanza. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu barua huwezi kuikata katikati.

Yule mliyemcheka kwa kuishia kidato cha pili sasa ni msomi. Fundi Gwakisa, mhunzi anayenifundisha kazi, anasema chembe za chuma zimejipanga mistari kama mpunga wa Madibira uliopandwa kwa kamba. Chuma kikiiva moto, zinaachana na mpango ule, zinajipanga upya, na kaboni inapata pa kuingia. Tunapima kwa sumaku ya spika mbovu: ikigoma kunasa, tunajua saa imekaribia. Nikamwambia basi tukitumbukize majini, kiwe kigumu, tumalize. Akasema huo ni ujuzi wa wapumbavu. Kikipozwa ghafla kaboni inanaswa humo, chembe zinabanana, chuma kinakuwa kigumu kama kioo na kuvunjika kama kioo. Lazima ukirudishie moto, kidogo tu, hadi kipate rangi ya majani makavu, ndipo zinapumua.

Siku nzima nyundo yangu ilikosea chuma. Fundi alidhani naumwa.

Sasa kaa chini, dada. Nyengo ya marehemu baba, ule mundu wake wa kufyekea, haikuibwa. Ile Pasaka nilipokuja nyumbani, nilitaka muone ubingwa wangu. Nikaichoma kwenye mkaa hadi ikawa nyekundu, nikaichovya kwenye ndoo ya maji. Nilipoanza kufyekea ua, pigo la kwanza, vipande viwili. Nikavificha kwenye begi. Mliposema Kalinga ndiye aliyeiazima mwisho, nikakaa kimya, na wewe ukarudisha posa yake. Mtu wa watu hakugusa kitu.

Vipande nilivitunza. Juzi nimeviunga motoni kwa mkono wangu, nikapoza kwa mafuta, nikairudishia moto taratibu. Inafyeka kuliko zamani, na hilo sijisifu, muulize fundi.

Ila sikutumii wewe. Nimempelekea Kalinga, na nimemweleza yote. Kasema Jumapili baada ya ibada ataileta mwenyewe. Mfungulie mlango.

Mimi nikija mwezi ujao, nigombeze unavyotaka, ila polepole. Usinimwagie ndoo nzima kwa mara moja.

Msalimie mama, mwambie ugali wa hapa haufikii wake.

Ni mimi mdogo wako mkosefu,
Sedekia