Ukifika, Ugonge Mara Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekuacha. Sisi tupo. Mama anakusalimu na anasisitiza ule vizuri. Mimi nimepanda darasa, na mwalimu wetu anasema sasa mwandiko wangu unasomeka.

Yule rafiki yako mpaka rangi alikuja Jumamosi kulichukua gari lako akaliuze, kama ulivyoagiza, akiwa na magurudumu ya kuazima na kamba ya kuvutia. Alilizunguka akicheka. Alisema Wajapani walitengeneza gari la mzee wa heshima, wewe ukaligeuza mjusi: spring umezikata, bomba la moshi umelipanua mpaka majirani wakakununia, na usukani umeweka mdogo kama sahani ya chai. Mama akamjibu kwamba mjusi angalau hutembea. Sote tulicheka.

Lakini hakuondoka nalo. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva na hakutaka kushuka. Alimwomba kwa upole avumilie kidogo, kijana wake yuko chini anamalizia kukaza. Yule mpaka rangi akainama kutazama. Chini kulikuwa na mawe tu yaliyolibeba gari. Akaniangalia, akakunja kamba yake, akaaga.

Kaka, Mama alinikataza kukuambia, kwa kuwa anajua utaacha kazi. Baba anasahau. Alianza na majina ya majirani, ikafuata njia ya kwenda kwa kinyozi. Daktari alisema hakuna dawa ya kurudisha kilichokwisha kwenda. Unapopiga simu, Mama ndiye humnong'oneza la kusema. Ukishakata, Baba huuliza yule alikuwa nani, mbona ana adabu hivyo.

Kilichobaki kwake ni gari. Nikitoka shule namkuta ndani, mikono kwenye usukani, anasubiri umgongee. Unakumbuka lile bomba lilivyokuwa likinguruma mkawa hamsikilizani, ukawa unagonga chuma kwa spana: mara moja akanyage klachi, mara mbili awashe. Basi mimi huvua sweta la shule, nikajipenyeza chini, nikagonga. Wembamba wangu uliokuwa ukiutania, ukaniita Spana Nane, sasa umepata kazi. Baba huzungusha ufunguo. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo hakuna kinachotokea. Naye huniambia nisivunjike moyo, nikaze tena, litawaka tu. Huniita kwa jina lako. Nikitoka na kusimama mbele yake nikijipangusa vumbi, huniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Ninakuomba usiliuze. Na siku utakayokuja, usipige hodi mlangoni, maana atakukaribisha kiti kama mgeni. Pitia uani, ulale chini ya gari, ugonge mara mbili. Siwezi kukuahidi kwamba itatosha. Siku hizi nagonga, naye wakati mwingine hukaa tu akiusikiliza mlio, mkono wake hauendi kwenye ufunguo. Ndiyo maana nakuandikia leo, kabla Mama hajarudi.

Nisalimie wote unaofanya nao kazi. Spana yako kubwa ninayo mimi, naifuta kwa mafuta isishike kutu.

Mdogo wako akupendaye,
Spana Nane