Ufa Juu ya Kichwa Changu

Jumatano, 14 Oktoba 1998

Milio ya bunduki tangu asubuhi, upande wa Kindu. Tumekimbilia ndani ya bwawa — si majini, ndani ya ukuta wenyewe! Mume wangu Tambwe ndiye mlinzi, funguo anazo. Kuna njia nyembamba tumboni mwa ukuta, Wabelgiji waliiita galeri. Giza. Unyevu. Bonde zima tumebanana humu. Na tumbo langu limeanza kuuma. Mungu wangu, si leo!

Alhamisi, 15 Oktoba 1998

Msichana! Mzima, analia kushinda bunduki. Jirani yangu Salama ndiye amenizalisha, kwa mwanga wa kibatari. Aliniambia nikaze macho kwenye kitu kimoja, nisipige kelele. Nikatazama ufa juu ya kichwa changu. Unywele tu. Sasa naujua kuliko ninavyoujua uso wa Tambwe.

Ataitwa Exaucée, kwa sababu tuliomba na tumesikilizwa. Nina furaha. Naona aibu hata kuiandika, na huko nje watu wanakufa.

Jumapili, 27 Julai 2025

Miaka mingapi sijaandika! Naanza tena maana nikinyamaza nitapasuka. Exaucée anakuja! Injenieri! Yeye na wenzake wametumwa kutoka Kinshasa kupima mabwawa ya zamani, na la kwanza ni letu, bwawa la mto Kahambo. Wataliwekea alama, kama mwanafunzi.

Salama aliuliza alama hizo maana yake nini. Tambwe akajitia daktari: A ni mzima. B anakohoa. C amelazwa. D — ita padri.

— Ao shehe! akasema Salama.

Tulicheka mpaka machozi. Lakini Tambwe alipomaliza kucheka alisema jambo moja. Bwawa likipata D, sisi tunaokaa bondeni chini ya ukuta tutahamishiwa mlimani. Nyumba yangu! Michikichi yangu niliyoipanda kwa mkono! Sihami. Na mtoto gani anampa mama yake D?

Jumatano, 30 Julai

Mgeni haingii nyumba chafu. Kwa hiyo leo mimi, Salama na wanawake wa bondeni tumepaka galeri chokaa. Yote! Tuliimba, na ukuta ukaitikia. Tambwe hawezi kushuka ngazi, magoti yamemgomea. Akawa anapiga kelele kule juu:

— Munafanya nini huko chini?

— Tunatengeneza maternité, nyumba ya kuzalia!

Pale kwenye ufa wangu nilizidisha mkono. Ulikula besani nzima ya chokaa. Unywele unakulaje besani nzima? Nikaenda kunawa mikono.

Jumamosi, 2 Agosti

Amefika! Kwenye pikipiki, kaske, kofia ngumu ya kazi, kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilipiga vigelegele sauti ikakauka. Wali wa Kibombo, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Alikula kama mtu aliyetoka vitani, akaomba tena.

Lakini hakulala kwangu. Amelala mlimani, kwenye hema, pamoja na wenzake. Kazi, anasema. Nimenuna. Samaki niliyemfichia kwa ajili ya asubuhi, Tambwe amemla.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwingiza galeri. Salama akamwonyesha kwa kidole:

— Ni hapa njo ulizaliwa.

Exaucée alipiga magoti, akaigusa sakafu. Nikalia. Naye akalia. Kisha akainua macho, akaona chokaa, akacheka mpaka kaske ikamwanguka.

— Mama! Umevalisha mugonjwa nguo ya ndoa! Nitamupima namna gani?

Akaikwangua. Ufa ukatokea, na kidole chake kikaingia chote.

Hakucheka tena.

— Mama, wakati ule unanizala, ilikuwa vile?

— Miye nilikuwa nazala, mutoto wangu, sikukuwa napima ukuta!

Salama na wanawake waliotufuata wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Exaucée akachukua plata, ule unga mweupe ambao hospitalini wanafungia mfupa uliovunjika. Akaukoroga kwa maji, akapaka utepe mwembamba kutoka ukingo mmoja wa ufa mpaka wa pili. Akatueleza. Ufa wa zamani uliolala si kitu. Anaouogopa ni ufa unaotembea. Plata haivutiki, ukuta ukisogea inakatika. Ikibaki nzima mpaka Ijumaa, ni C: tunabaki, bwawa linatengenezwa polepole. Ikikatika, ni D: watapunguza maji, na sisi tutapanda mlimani kabla ya mvua.

Mfuko wa plata ameuacha mlangoni. Ufunguo ninao mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Bonde zima linauombea utepe! Kanisani wameuombea, msikitini pia. Kila ninapopita naulizwa:

— Mama Exaucée, mugonjwa ameamuka namna gani?

— Amelala muzuri!

Na kweli, leo asubuhi ulikuwa mzima. Tumeanza kupanga karamu ya Ijumaa. Salama analeta kuku, mimi wali.

Jioni Exaucée alikuja nikamsuka nywele. Nikamuuliza kwa nini hataki kulala kwa mama yake. Akasema akilala kwangu hatapata usingizi, atakuwa anasikiliza maji usiku kucha.

— Na ikipata C, utalala?

Akanilazia kichwa mapajani. Nimemaliza kumsuka, nimebaki nimemshika tu, kama alipokuwa mdogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika nikiwa galeri. Tochi nimeibana begani.

Nje ngoma imeshaanza. Wali umeiva, kuku wa Salama wananukia mpaka huku. Nimetangulia peke yangu, eti nimsalimie mgonjwa.

Utepe umekatika.

Unywele. Ule ule! Kama ule wa siku niliyozaa.

Mfuko wa plata uko mlangoni. Nilikuja na besani. Ndiyo, nilikuja nayo, nani atanisoma humu? Nikakoroga. Nikachota kwa kidole. Mara moja tu, pap, na bonde linacheza mpaka kesho!

Basi nikawasikia. Wanawake wameanza ule wimbo tuliouimba tukipaka chokaa, na sauti ya Exaucée imo katikati, inakosea maneno kama kawaida yake. Sauti zote hizo, isipokuwa yake, zinalala chini ya ukuta huu. Nikaanza kucheka peke yangu. Mwanamke mzima, kidole juu, nataka kumfunga ukuta bandeji! Mtoto huyu nilimzaa humu ili aishi. Michikichi itaota hata mlimani.

Nimemwaga plata. Nimegeuza besani, nimeketi juu yake. Tutakula wali wetu kwanza, kisha tutafunga mizigo, na Tambwe tutambeba na magoti yake. Na leo usiku mwanangu atalala kwangu, hata kama kwangu ni hema.

Anaita kutoka juu:

— Mama! Mugonjwa iko namna gani?

Kidole changu bado cheupe. Nimemjibu:

— Kuya na taa, mutoto. Siku nilikuzala, ufa ilikuwa unywele tu.

Ngoma inaendelea. Nasikia viatu vyake kwenye ngazi —