Mji Usio na Matanga

Songo, Uvira
Jumatatu

Kwako Yaya Noella, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa furaha. Umeamkaje huko Lemera? Baridi ya milimani imekuachia kifua? Na shemeji Thierry, na watoto, wote ni wazima? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, nami sauti imekauka kidogo, utajua sababu. Ningekupigia simu, lakini haya nataka uyasome ukiwa peke yako.

Unamjua Ndikumana, yule anayetafsiri filamu kwa Kiswahili katika ukumbi wa video wa Mzee Sévère, akisemea kwenye mikro, kile kipaza sauti, na kuchekesha watu hata filamu ikionyesha mazishi. Ameenda Bujumbura kwenye harusi ya ndugu yake, nami nikamwomba Mzee Sévère anipe Jumapili moja. Alicheka, akasema sisi wasichana wa diplome za chuo tunasoma maneno kama karani wa mahakama. Kisha akakubali kwa sharti: watu wakitoka kabla filamu haijaisha, nisiguse tena mikro yake. Yaya, sijawahi kutaka kitu namna ile. Miaka yote ya kusoma Kiingereza, hakuna aliyewahi kuihitaji sauti yangu.

Nilichagua filamu iliyotokana na riwaya ya vijana niliyoisoma chuoni. Ni habari za mji wa siku zijazo ambamo ni marufuku kulilia wafu. Mtu akifa, kesho yake jamaa zake wanarudi kazini, na jirani akiona chozi anashitaki. Katika kitabu, mwishoni mama aliyefiwa na mwanawe analia barabarani na mji mzima unamfuata. Waliotengeneza filamu wameyaondoa hayo. Kwao mama anafunga mlango, anakwenda kiwandani uso mkavu, basi. Giza tupu.

Baada ya misa ukumbi ulijaa. Vijana wa mbele walianza mapema: eti weye dada, filamu yako iko na usingizi, tuchekeshe, ama tutamufata Ndikumana Bujumbura kwa miguu! Sikuchekesha. Nilimpa kila mtu wa filamu sauti yake, polepole. Wawili wakainuka, na Mzee Sévère akanikazia macho toka mlangoni. Ndipo mtoto wa yule mama akauawa, na askari wakaja kumkagua mama macho. Wale wawili wakaketi.

Mama yule alipofunga mlango wake, nilitamka jina la mwanawe, mara moja tu. Mwanamke mmoja wa benchi la nyuma akapiga yowe, lile la msibani. Akafuata mwingine, kisha ukumbi mzima, kila mtu akiita jina la marehemu wake. Hata wale wa mbele walivua kofia. Filamu iliisha, taa zikawashwa, hakuna aliyetoka. Walilia kama kitabu kilivyotaka, nami nilisimama na mikro nikijiona mrefu kama milima ya Mitumba. Mzee Sévère alifuta uso, akasema Ndikumana atafute siku nyingine, Jumapili ni zangu.

Sasa lililobaki. Jina nililotamka si la filamu. Nilisema Pitchou. Nilifanya makusudi, kwa sababu nilikuwa nimemwomba Mama aje, bila kumwambia filamu inahusu nini. Yowe la kwanza lilikuwa lake. Tangu tulipomzika mdogo wetu kando ya njia tukikimbia vita, na asubuhi yake tukaendelea kutembea, unajua hakuwahi kumlilia, wala sisi hatukuthubutu kumtaja. Niliogopa atanichukia. Tulipofika nyumbani alinikalisha karibu naye. Kisha akasema yeye ndiye alimuzaa, na sasa anataka tumulilie vizuri, na viti, na chakula, na watu.

Matanga ya Pitchou ni Jumamosi, Yaya. Mama ameshaazima turubai, na wale vijana walionizomea wamesema mabenchi watayabeba wao. Shuka na shemeji na watoto. Safari hii hakuna wa kutuambia tunyamaze.

Wape salamu wote wa nyumbani kwako, mmoja mmoja kwa jina. Mama anakukumbatia.

Ni mimi mdogo wako,
Fabiola