Eti Kwetu Hakuna Theluji

Jumanne, Februari 2016, Saint Paul, Minnesota, Marekani. Theluji inaanguka tangu alfajiri, na mimi nachemka.

Jana binti yangu Furaha, mwenye miaka minane, alirudi na karatasi ya shule. Waliambiwa wachore mahali familia zao zilikotoka. Akachora mlima Ruwenzori, kilele cheupe, vile nilivyomsimulia. Mwalimu wake akapiga mstari mwekundu juu ya weupe ule na kuandika kwamba Afrika hakuna theluji, akamwambia hivyo mbele ya darasa zima.

Mstari mwekundu. Juu ya mlima wangu!

Hata hilo ningelimeza. Lililonichoma ni Furaha kuniuliza, kwa Kiingereza chake, "Mama, kwa nini ulinidanganya?"

Nilizaliwa Mutwanga, Kongo, chini ya mlima ule. Msimu wa mvua, mvua iliyotunyeshea sisi huku chini, kule juu ilianguka kama theluji. Ikajilundika siku kwa siku, na asubuhi mawingu yakifunguka tuliuona mlima umenenepa kwa weupe. Lugha yetu inaiita nzururu tangu mababu. Sikuja kufundishwa theluji Minnesota.

Leo nimetoka kazini, kule hospitali ninakofua mashuka, nikaenda shuleni bila hata kubadilisha nguo. Kiingereza changu huvunjika nikikasirika. Kilivunjika. Nikamwonyesha mwalimu picha ya mlima kwenye simu.

"Kumbe! Sikujua," akasema akitabasamu. "Inapendeza sana."

Inapendeza!

Akaniomba radhi, kwa sauti nzuri kabisa, nami nikakaribia kumshukuru na kwenda zangu. Nakiri, katika nchi hii nimezoea kushukuru hata nikikanyagwa.

Lakini miguu ilikataa kuondoka. "Ulimsahihisha mbele ya wenzake," nikamwambia. "Na wewe jisahihishe mbele ya wenzake."

Tabasamu likaisha. Akasema atafanya hivyo kesho asubuhi.

Nyumbani nilimpa Furaha simu aone. Akaitazama picha, akaikuza kwa vidole, akaitazama tena.

"Una uhakika ni huko, Mama?"

"Nina uhakika."

Akanirudishia simu, akasema basi, tungoje tusikie mwalimu atasema nini.

Nimekaa hapa jikoni, hasira yote niliyomwagia yule mwalimu imerudi na haijui imwendee nani. Nimeiona theluji ile kwa macho yangu mawili. Lini neno langu peke yake litamtosha mwanangu?